Muulizeni Daktari: Pazia Liko Wapi?

Hotuba kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, Nakuru, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani

Mgeni wetu wa heshima, walimu, wahudumu wa afya ya jamii, wazee wangu, akina mama na vijana: itifaki imezingatiwa.

Kila tarehe 20 Machi ikifika, sisi madaktari wa meno tunasimama mbele za watu na kusema mambo yaleyale. Pigeni mswaki asubuhi na usiku. Punguzeni soda na peremende. Ni kweli tupu, na wenzangu watayasema baada yangu wakiwa na ule mswaki mkubwa wa plastiki ambao watoto wanaupenda. Mimi nimeomba muda huu nizungumzie jambo ambalo hatulisemi hadharani, kwa sababu linatuhusu sisi madaktari kuliko linavyowahusu ninyi.

Kuna pazia la mpira. Ni jembamba, lina upana wa sentimita 15 hivi kila upande, na mara nyingi huwa la kijani, buluu au zambarau. Daktari hulitoboa tundu dogo, akapitisha jino linalotibiwa katika tundu hilo, akalibana shingoni mwa jino kwa kibanio cha chuma, kisha akazitandaza pembe zake kwenye fremu inayokaa mbele ya mdomo. Likishakaa, jino linachomoza peke yake upande wa daktari. Ulimi, mashavu, mate na koo vyote vinabaki upande wa pili.

Naomba walioshawahi kutibiwa mzizi wa jino, hiyo mnayoiita ruti kanali, wainue mikono. Asanteni. Sasa ashushe mkono yule ambaye hakuwekewa pazia la mpira siku hiyo.

(Mikono mingi ilishuka.)

Mnaona wenyewe. Na si Nakuru peke yake. Madaktari wa meno wamehojiwa kuhusu jambo hili katika nchi nyingi, tajiri na maskini, na majibu yanafanana: chuoni wote wanafundishwa, lakini wakishafungua kliniki wengi hawalitumii kila mara. Wakiulizwa sababu, watasema linachukua muda. Watasema ni gharama. Wengine watakubali kwamba mkono haukupata mazoezi ya kutosha. Lakini kuna sababu moja ambayo haikosekani: wagonjwa hawalipendi. Yaani ninyi. Mnasingiziwa, na hamjui kwamba mnasingiziwa. Mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa pazia hili amelikataa lini?

Wala si kitu kipya kwamba tuseme bado halijatufikia. Sanford Christie Barnum, daktari wa meno wa Marekani, alilianzisha mwaka 1864, zaidi ya miaka thelathini kabla ya reli kufika hapa Nakuru. Shida yake ilikuwa mate. Wakati ule meno yalizibwa kwa karatasi nyembamba za dhahabu zilizoshindiliwa moja juu ya nyingine, na dhahabu ikilowa haishikani. Barnum akatoboa kipande cha mpira, akakivisha jino, kazi ikawa kavu. Akawapa wenzake wazo hilo bure.

Nianze na mzizi, maana hapo sina mzaha. Jino likioza hadi ndani, ile nyama laini ya katikati yenye neva na mishipa ya damu huambukizwa na kufa. Kutibu mzizi ni kuiondoa nyama hiyo, kuisafisha mifereji iliyo ndani ya mizizi, kisha kuiziba. Tunatumia tupa ndogo za chuma, nyembamba mno, zenye ncha, fupi kuliko kidole changu hiki. Tunazishika kwa vidole viwili vilivyovaa glavu iliyolowa, ndani ya mdomo uliojaa mate, na mgonjwa amelala chali. Tupa ikiponyoka ikaangukia nyuma ya ulimi, mgonjwa ana mawili tu: ataimeza au ataivuta kwa pumzi.

Akiimeza, mara nyingi husafiri tumboni na kutoka yenyewe baada ya siku kadhaa, naye anafuatiliwa kwa eksrei huku roho ikiwa mkononi. Akiivuta, hiyo ni habari nyingine. Bomba la hewa linaloingia pafu la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto, kwa hiyo vitu vingi vinavyovutwa huishia huko. Kuitoa kunataka daktari bingwa mwenye mrija wa kamera wa kuingiza hadi ndani ya mapafu. Mtu alitoka nyumbani kwa sababu ya jino, sasa anatafutiwa nafasi katika hospitali kubwa. Pazia likiwepo, tupa ikiponyoka inaanguka juu ya mpira, daktari anaiokota, kazi inaendelea. Hata kibanio chenyewe hufungwa uzi wa meno kabla ya kuingia mdomoni, ili kikichomoka kivutwe nje.

Halafu kuna dawa. Mifereji ya jino husafishwa kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik ya kufulia nguo nyeupe, kwa nguvu ya kuanzia asilimia 0.5 hadi zaidi kidogo ya 5. Ndani ya jino hatujapata mshindani wake: inaua vijidudu na kuyeyusha nyama iliyokufa. Lakini haijui kutofautisha nyama iliyokufa na iliyo hai. Ikichuruzika kwenye fizi, chini ya ulimi au kooni, inaunguza. Wapo wagonjwa wanaoniambia kwamba mahali walikotibiwa kwanza walisikia ladha ya Jik mdomoni, na wakadhani ndivyo inavyokuwa. Sivyo. Ladha hiyo ina maana kwamba hapakuwa na pazia, au lilikuwepo likivuja.

La tatu ndilo watu husahau, kwa kuwa halionekani. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichapisha jaribio la panya ambalo kila mwanafunzi wa meno hulisoma. Walikuwa na panya wa kawaida, na panya wengine waliolelewa mahali pasipo na kijidudu hata kimoja. Wote walitobolewa meno mpaka kwenye nyama ya ndani, na matundu yakaachwa wazi, chakula kikajishindilia humo. Panya wa kawaida meno yao yalikufa na kufanya usaha. Wale wasio na vijidudu, pamoja na uchafu wote wa chakula, meno yao yalijijengea ukuta mpya juu ya tundu yakapona. Kwa hiyo anayeua jino ni kijidudu, na vijidudu vya mdomoni vinaogelea katika mate. Daktari anayesafisha mzizi huku mate yakiingia anavifukuza kwa mkono mmoja na kuvikaribisha kwa mwingine.

Najua kuna walimu wa sayansi hapa, na watauliza: takwimu zinasemaje? Kule Taiwan watafiti walipitia kumbukumbu za bima ya afya za meno zaidi ya 500,000 yaliyotibiwa mzizi. Baada ya wastani wa karibu miaka mitatu na nusu, meno yaliyotibiwa kwa pazia yalikuwa yamebaki mdomoni kwa asilimia 90.3. Yaliyotibiwa bila pazia, asilimia 88.8. Nimewapa hesabu hiyo kwa sababu ni ya kweli, ingawa hainipendelei sana. Pengo ni la asilimia moja na nusu tu. Lakini angalieni kilichohesabiwa: meno yaliyong'olewa na ambayo hayakung'olewa. Midomo iliyoungua haimo humo, wala tupa zilizomezwa. Na hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu watu wagawanywe makundi mawili ili tuone ni wangapi watavuta chuma mapafuni.

Kuhusu kuziba matundu ya kawaida nitapita haraka. Utomvu mweupe tunaozibia siku hizi unashika kwa gundi, na gundi hiyo ikikutana na mate ni sawa na rangi iliyopakwa kwenye ukuta uliolowa mvua: leo inapendeza, kesho inabambuka. Ile ziba ya zamani ya fedha na zebaki ilivumilia unyevu zaidi, lakini inaondoka polepole. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka matumizi yake yapungue, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuchukua hatua dhidi ya kuitumia kwa meno ya utotoni, kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa akina mama wajawazito au wanaonyonyesha. Tunakoelekea ni utomvu mtupu, na utomvu unataka jino kavu. Kwa tundu dogo, pamba na mrija wa kunyonya mate vikitumiwa na mtu makini vinatosha, kwa hiyo usimgombeze daktari kwa hilo. Na wahudumu wanaokwenda mashuleni kuzibia watoto kwa saruji ya meno, ile isiyoogopa unyevu sana, waacheni wafanye kazi yao. Wanaokoa meno mengi kuliko sisi tulio na viti vya umeme.

Sasa nije nyumbani.

Sisi watu wa Nakuru, Njoro, Elementaita, Gilgil mpaka Naivasha, meno yetu yanatutangulia. Ukicheka Nairobi mtu anakuuliza, "Wewe umelelewa Nakuru, sivyo?" Maji ya visima vyetu yamepita kwenye miamba ya volkeno na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinavuka hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yangali yanaumbika ndani ya taya, tangu uchanga hadi miaka minane hivi, meno hutoka na mabaka meupe, ya manjano au ya kahawia. Rangi hiyo imo ndani ya jino. Mkaa hauitoi. Majivu hayaitoi. Limau linakula jino na rangi inabaki palepale.

Dawa ya kwanza ni maji yenyewe. Vuneni maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo. Ulizeni pia kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo ya kupunguza floraidi kwa miaka mingi, na hatukuipigia debe inavyostahili.

Lakini kijana wa miaka 22 anayefunika mdomo kwa kiganja akiwa kwenye mahojiano ya kazi, huyo habari ya maji imempita. Anataka meno meupe, na ana haki. Ndiyo maana soko la kung'arisha meno hapa mjini ni kubwa, na kila soko kubwa huvuta wauzaji wa kila aina.

Sikilizeni kinachotumika. Njia moja ni kusugua tabaka jembamba la juu ya jino kwa asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na unga wa jiwe la pumisi. Nyingine ni kupaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35 mpaka 40. Ile mnayonunua kwenye duka la dawa kusafishia kidonda mara nyingi ni ya asilimia 3, na bado inawasha. Sasa izidisheni mara kumi na zaidi, muipake milimita moja kutoka kwenye fizi, muiache hapo kwa dakika kadhaa. Fizi inageuka nyeupe na kuungua. Asidi nayo ikidondokea mdomo wa chini inaacha alama.

Kwa kazi hiyo kinga ni za aina mbili. Kuna pazia lenyewe, linalotobolewa matundu kadhaa ili meno yote ya mbele yachomoze kwa pamoja. Na kuna utomvu unaopakwa ukingoni mwa fizi na kugandishwa kwa taa ya buluu, ambao huambuliwa kazi ikiisha. Mgonjwa huvaa pia miwani, maana asidi haichagui pa kurukia. Kwa hiyo ukialikwa kung'arishwa meno kwenye kiti kilekile ulichokalia kusukwa nywele, na huyo fundi ana chupa na brashi tu, inuka uende zako. Majina ya madaktari wa meno waliosajiliwa yako kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na unaweza kulitafuta jina kwenye simu kabla hujafungua kinywa.

Mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Daktari, hilo pazia si litaniziba pumzi?" Swali zuri. Pazia linafunika mdomo, halifiki puani, na likigusa pua tunalikunja au kulikata kidogo. Mate unameza kama kawaida, na kuna mrija wa kunyonya yanayozidi. Kibanio hubana fizi, ndiyo maana tunapiga ganzi kwanza. Kuongea huwezi, na wapo wanaoniambia hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda, maana hawakulazimika kujibu maswali yangu wakiwa wameachama. Maji ya mashine hayawajai kooni, hawakohoi, na wengine husinzia kabisa. Kabla ya kuanza tunapatana ishara: inua mkono wa kushoto, nami nasimama.

Hata hivyo si kila mtu na si kila siku. Mwenye mafua mazito asiyeweza kupumua kwa pua, tumpe tarehe nyingine. Mwenye mzio wa mpira wa lateksi aseme mapema. Yapo mapazia ya nitraili yasiyo na lateksi kabisa. Jino lililovunjika hadi kwenye fizi halina pa kubanwa, kwa hiyo daktari mara nyingi hulijengea ukuta kwanza, na ukimwona anafanya hivyo usidhani anapoteza muda wako. Kung'oa jino hakuhitaji pazia. Kusafisha ugaga pia hakuhitaji. Na tangu enzi za korona tumejifunza tena jambo ambalo tulikuwa tunalijua: pazia hupunguza mate yanayorushwa hewani na mashine, kwa hiyo linamlinda pia daktari na msaidizi wake. Ajabu ni kwamba hata hilo halikutosha kutushawishi sote.

Kuhusu gharama. Pazia lenyewe ni la kutumia mara moja na kutupa. Kibanio, fremu na koleo lake huoshwa, huingizwa kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, na hutumika tena na tena. Ukiichukua bei ya ruti kanali hapa mjini, pazia moja ni chenji. Muda? Daktari aliyezoea, akiwa na msaidizi, huliweka kwa dakika chache, na dakika hizo huzirudisha kwa kutobadilisha pamba iliyolowa kila wakati. Mgeni wa heshima, hapa nazungumza na wewe na ofisi yako. Daktari wa hospitali ya umma ambaye mapazia hayamo kwenye orodha ya vifaa vinavyoagizwa hana la kufanya. Kwenye kliniki ya mtu binafsi visingizio ni vichache.

Sasa ninyi mfanye nini? Msiende kwa ugomvi. Ukiambiwa jino lako linahitaji kutibiwa mzizi, uliza kabla ya sindano ya ganzi, kwa heshima: "Samahani daktari, utaniwekea lile pazia la mpira?" Akisema ndiyo, kaa utulie. Akisema hali ya jino hairuhusu, mwombe akueleze, na atakueleza, maana sababu zipo na nimezitaja. Akisema hana, au kwamba wagonjwa hawalipendi, mwambie wewe unalipenda. Akishikilia msimamo, mwombe akutulize maumivu kwa siku hiyo na akuandikie barua ya kwenda kwa mwenzake. Kutuliza maumivu kunawezekana karibu kila mara, na mzizi unaweza kumaliziwa baada ya siku chache. Wahudumu wa afya ya jamii, hili swali nendeni nalo nyumba kwa nyumba kule Kaptembwo, Bahati na Rongai. Wenzangu watanilaumu kesho kwamba nimewachochea wagonjwa. Wanilaumu tu.

Pale mezani nimeweka mapazia, vibanio, fremu na taya la plastiki. Njoni mjaribu kuliweka wenyewe, na walimu wa sayansi nawapa mapazia machache mwende nayo darasani. Aliye na mzio wa mpira asiguse yaliyo kwenye boksi la kijani. Ya boksi la buluu hayana lateksi. Wenye maswali waanze sasa, na tuanzie na yule mzee wa kofia ambaye mkono wake umekuwa juu tangu nilipotaja maji ya kisima.